Meli ya Carpathia (1903–1918): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Carpathia inajulikana kwa usiku mmoja, ule iliokwenda kuwaokota watu wa Titanic. Maswali mengi yanahusu usiku huo, na majibu yake yapo hapa kwa kirefu. Ila meli hii ilifanya kazi miaka 15, ikasafirisha maelfu ya wahamiaji na askari, na mwisho wake ulitokana na vita ambavyo havikuwa hata vimeanza ilipopata umaarufu. Kwa hiyo tuanze mwanzo.

Carpathia ilikuwa meli ya aina gani?

Ilikuwa meli ya abiria na mizigo ya kampuni ya Cunard ya Liverpool, Uingereza. Iliundwa kwenye karakana ya Swan & Hunter huko Wallsend, kando ya mto Tyne. Ilishushwa majini tarehe 6 Agosti 1902, na tarehe 5 Mei 1903 ikang'oa nanga kutoka Liverpool kwenda Boston kwa safari yake ya kwanza. Ukubwa wake ulikuwa tani 13,500 na ushei, urefu ukikaribia mita 170. Ilikuwa na milingoti minne na dohani moja ndefu katikati.

Hiyo dohani moja inasema mengi. Miaka ile kampuni za meli zilishindana kwa dohani nne, na abiria wengi waliamini kwamba meli yenye dohani nyingi ndiyo yenye nguvu na salama zaidi. Carpathia haikuingia kwenye mashindano hayo. Injini zake mbili za mvuke zilizungusha rafadha mbili, na mwendo wake wa kawaida ulikuwa maili 14 za baharini kwa saa. Lusitania ya kampuni hiyohiyo, iliyoanza kazi mwaka 1907, ilipita maili 25. Lusitania ilikuwa ya fahari. Carpathia ilikuwa basi la mikoani.

Kwa nini Cunard waunde meli ya polepole wakati wenzao wanatafuta kasi?

Kwa sababu kasi inakula makaa ya mawe, na fedha za uhakika zilikuwa kwa wahamiaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 mamia ya maelfu ya watu kutoka Ulaya ya mashariki na kusini walikuwa wakihamia Marekani kila mwaka. Mkulima wa Slovakia anayekwenda kuchimba makaa Pennsylvania hakujali kama safari ni ya siku tano au kumi. Alijali nauli, chakula, na kama atapata kitanda pakavu. Carpathia ilipoanza haikuwa na daraja la kwanza kabisa. Lilikuwepo la pili na la tatu tu. Mwaka 1905 ilifanyiwa ukarabati, yakaongezwa madaraja na vyumba, na nafasi za daraja la tatu zikapita 2,000.

Njia iliyoijenga hasa ni ya Mediterania. Mwaka 1904 Cunard iliingia makubaliano na serikali ya Hungaria ya kuwachukua wahamiaji kutoka bandari ya Fiume, ambayo leo inaitwa Rijeka na iko Kroatia. Fiume ndiyo ilikuwa njia ya Hungaria kutokea baharini. Carpathia ilipakia huko Wahungaria, Waslovakia, Wakroatia na Waromania, ikapita Trieste na bandari za Italia kuongeza wengine, kisha ikaelekea New York. Kurudi, vitanda vya chini vilijaa nusunusu na wahamiaji waliokuwa wakirejea kwao, na juu wakakaa Wamarekani wenye uwezo wakienda kutembea Italia na Misri. Hata jina lake limetoka huko: milima ya Karpati, iliyoizunguka Hungaria ya wakati ule.

Kumbuka jambo hili la abiria mchanganyiko. Ndilo lililofanya Carpathia iwe na madaktari watatu mwezi Aprili 1912: Mwingereza, Mwitalia na Mhungaria. Watatu hao watarudi hapa chini.

Habari za Titanic ziliifikiaje?

Kwa bahati ya dakika chache. Carpathia ilikuwa imeondoka New York tarehe 11 Aprili 1912, ikielekea Gibraltar na hatimaye Fiume, ikiwa na abiria zaidi ya 700. Mtambo wa simu ya upepo, yaani redio, ulikuwa na mtu mmoja tu, Harold Cottam, kijana wa miaka 21. Hakuwa na mwenzake wa kumpokea zamu. Akilala yeye, meli nzima imeziba masikio.

Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 alikuwa anajiandaa kulala. Koti alishavua, lakini vipokea sauti vilikuwa bado masikioni kwa sababu alisubiri jibu kutoka meli nyingine, Parisian. Katika kusubiri huko akasikia kituo cha Cape Cod kikirusha telegramu za abiria wa Titanic. Akaona vyema awajulishe wenzake wa Titanic kwamba kuna rundo la salamu linawangoja. Akawaita. Alichojibiwa ni kwamba njooni upesi, tumegonga barafu, CQD. Hizo herufi tatu zilikuwa wito wa hatari wa watu wa simu ya upepo kabla SOS haijazoeleka.

Cottam alikimbilia kwa ofisa wa zamu, kisha wote wawili wakaingia chumbani kwa nahodha bila kubisha hodi. Nahodha Arthur Rostron alikuwa ndiyo kwanza amejilaza, na kwanza alikasirika: ni nani hao wasio na adabu? Aliposikia habari yenyewe alimwuliza Cottam kama ana hakika. Akaambiwa ndiyo. Lakini Rostron alikuwa ametoa amri meli igeuzwe kabla hata ya kuuliza. Ilikuwa yapata saa 6:35 usiku.

Linganisha na Californian, iliyokuwa karibu zaidi na Titanic. Mtu wake wa redio alikuwa amezima mtambo na kulala dakika chache kabla Titanic haijagonga. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kutaka meli za abiria ziwe na zamu ya redio usiku na mchana.

Rostron alifanya nini hasa? Kila mtu anamsifu, lakini kwa lipi?

Hapa ndipo sifa zinapomstahili, na kwa bahati mbaya ndipo watu wanapopita haraka wakikimbilia hadithi ya kasi.

Rostron hakuwa amewahi kuokoa watu wengi baharini. Carpathia yenyewe alikuwa ameikabidhiwa Januari mwaka huo tu. Lakini ndani ya muda mfupi alitoa mfululizo wa amri ambao baadaye aliueleza mbele ya wachunguzi wa Seneti ya Marekani, na ukiusoma unaona mtu aliyekwisha kuitembea meli nzima kichwani mwake kabla hajatoka chumbani.

Alianza na madaktari. Mwingereza na wasaidizi wake wakae ukumbi wa chakula wa daraja la kwanza, Mwitalia daraja la pili, Mhungaria daraja la tatu, kila mmoja na dawa zake. Karani wa meli na wasaidizi wake wasimame kwenye milango ya ubavuni, wapokee watu na kuandika majina mara moja, ili yaweze kutumwa kwa redio. Wapishi na watumishi wote waamshwe. Kahawa, chai na supu viwe tayari katika kila ukumbi, na mablanketi yawekwe milangoni. Kabla ya yote, mabaharia wenyewe wapewe kahawa, maana usiku utakuwa mrefu. Vyumba vya maofisa, cha nahodha kikiwemo, vitolewe kwa wageni. Abiria wa daraja la tatu wasogezwe pamoja ili vitanda vipatikane, na abiria wote wazuiwe kutoka vyumbani wasije wakawa kikwazo njiani.

Kisha sitaha. Mashua za Carpathia zote zigeuzwe nje, tayari kushushwa. Milango ya ubavuni ifunguliwe, kila mmoja utundikiwe taa za umeme. Ngazi za kamba zishushwe. Kila mlango uwe na kiti cha kamba cha kupandishia wagonjwa na wasiojiweza. Watoto wapandishwe kwa mifuko ya turubai, ileile iliyokuwa ikibebea majivu ya boila. Winchi za mbele ziwashiwe mvuke zikae tayari kunyanyua barua na mizigo. Mafuta yaandaliwe ya kumwaga chooni pande zote mbili za meli, kutuliza mawimbi ikihitajika.

Mifuko ya majivu ilikuja kutumika kweli. Kuna watoto waliopanda Carpathia wakiwa ndani yake, wakivutwa juu kwa kamba. Mtu wa kawaida asingefikiria mtoto mchanga anapandaje ngazi ya kamba gizani mpaka amwone mtoto mwenyewe.

Na chini kwenye mashine, wachochea moto waliokuwa wamelala waliitwa kazini, na maji ya moto na joto la vyumbani vikakatwa ili mvuke wote uende kwenye injini. Abiria kadhaa waliamka kwa sababu ya baridi na mtikisiko wa meli, wakauliza kulikoni, wakaambiwa warudi kulala.

Ni kweli Carpathia ilikimbia maili 17 kwa saa usiku ule?

Hapana, ingawa hadithi hii imesimuliwa kwa zaidi ya miaka mia moja na watu hawataki kuiacha.

Ilianzia hivi. Titanic ilituma mahali ilipo, na kwa hesabu ya Rostron Carpathia ilikuwa umbali wa maili 58. Ilifika kwenye mashua ya kwanza saa 10 alfajiri, yaani baada ya saa tatu na nusu hivi. Gawanya 58 kwa muda huo, unapata karibu maili 17 kwa saa. Meli iliyoundwa kwenda 14 imekwenda 17! Wahandisi wa meli walishangaa, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Tatizo ni ile 58. Mabaki ya Titanic yalipopatikana mwaka 1985 yalikutwa maili 13 hivi mashariki ya mahali palipotajwa kwenye ule wito wa hatari. Carpathia ilikuwa inakuja kutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo mashua zilikuwa karibu zaidi kuliko Rostron alivyodhani, na umbali halisi unashuka mpaka chini ya maili 50. Gawanya upya: unarudi palepale kwenye maili 14 na kitu.

Aliyepiga hesabu ile yenye kosa kwenye Titanic ni ofisa wa nne, Joseph Boxhall. Huyohuyo Boxhall aliwekwa kuongoza mashua namba 2, na kabla ya kushuka alichukua fataki za kijani. Ilipofika saa 8:40 usiku Rostron aliona mwanga wa kijani mbele yake na akauelekea. Lau si fataki hizo, angepita akiendelea kwenda mahali pasipo na mtu. Mwenye kosa la ramani ndiye aliyelisahihisha kwa moto, bila kujua.

Kwa maoni yangu kuondoa ile 17 hakumpunguzii Rostron kitu. Aliingiza meli yenye watu zaidi ya elfu moja kwenye barafu, gizani, kwa kasi yote iliyokuwa nayo, akiwa ameongeza walinzi wa kuangalia omo (mbele ya meli) na juu kwenye mlingoti. Waliikwepa milima ya barafu mmoja baada ya mwingine. Kulipokucha waliona ilivyowazunguka pande zote, mikubwa kwa midogo.

Iliokoa watu wangapi?

Rostron alihesabu 705. Wachunguzi wa baadaye, baada ya kulinganisha orodha, wengi wanataja 712. Tofauti inatokana na majina yaliyoandikwa mara mbili, yaliyoandikwa vibaya na yaliyosahaulika asubuhi ile yenye vurugu. Mashua ya kwanza, ile ya Boxhall, ilifika saa 10 alfajiri na ya mwisho, namba 12, yapata saa 2:30 asubuhi. Titanic ilikuwa imekwisha kuzama tangu saa 8:20 usiku, kwa hiyo Carpathia isingeweza kuiwahi hata ingekimbia vipi.

Watu wachache walipandishwa wakiwa wamekufa au wakafa muda mfupi baadaye, nao wakazikwa baharini. Ibada ya kuwaombea waliozama na kushukuru kwa waliopona ilifanywa ndani ya meli palepale. Wanawake wengi waliendelea kusimama sitahani mpaka mashua ya mwisho ilipokwisha kushusha watu, wakitazama kila mwanamume anayepanda.

Kwa nini aliwapeleka New York na si bandari ya karibu?

Alipima tatu. Visiwa vya Azores vilikuwa kwenye njia yake na visingeiharibia kampuni ratiba, lakini chakula na shuka visingetosha watu mara mbili ya waliotarajiwa. Halifax ya Kanada ilikuwa karibu zaidi, ila njia yake ilikuwa na barafu, na Rostron aliona watu hawa wameona barafu ya kutosha. Akarudi New York.

Mbona dunia ilikaa siku tatu bila habari kamili?

Mtambo wa Carpathia ulikuwa dhaifu, ukifika maili 250 hivi hali ikiwa nzuri. Cottam alikuwa peke yake hadi Harold Bride, mmoja wa watu wa redio wa Titanic, alipoweza kusaidia akiwa na miguu iliyoumizwa na baridi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa majina ya walionusurika na salamu zao. Maswali ya magazeti hayakujibiwa. Hata meli ya kivita ya Marekani iliyotumwa na Rais Taft, ambaye alikuwa anamtafuta rafiki yake Archibald Butt, haikupata ilichotaka. Butt alikuwa amekufa.

Pengo hilo magazeti yaliliziba kwa kubuni. Tarehe 15 Aprili yalikuwepo yaliyotangaza kwamba abiria wote wameokoka na Titanic inavutwa kwenda Halifax.

Kulikuwa na mwandishi mmoja ndani ya Carpathia yenyewe: Carlos Hurd wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch, aliyekuwa safarini na mkewe Katherine kwenda likizo Ulaya. Nahodha alimkatalia kutumia redio. Basi wakahoji watu kimyakimya na kuandika kwenye karatasi yoyote waliyopata. Meli ilipokaribia New York, Hurd alitia maandishi kwenye boksi la sigara, akalifunga vizibo vya chupa za shampeni lisizame, akalirusha kwenye tagi, boti ya kuvuta meli, iliyokuwa imekodiwa na gazeti la Evening World. Habari ikawa mitaani usiku uleule, abiria wakiwa bado wanashuka.

Bride naye aliuza simulizi yake kwa New York Times, na jambo hilo lilileta maswali makali kwenye uchunguzi wa Seneti, kwa sababu ilionekana kama watu wa redio walinyamaza ili waje kuuza.

Ilipofika New York ilikuwaje?

Ilikuwa usiku wa tarehe 18 Aprili, mvua inanyesha, maelfu ya watu wakiwa gatini. Carpathia iliwashangaza kwa kupita gati lake. Ilikwenda kwanza gati namba 59 la White Star, kampuni yenye Titanic, ikashusha mashua 13 za Titanic, mali ya kampuni ile, kisha ndiyo ikarudi gati namba 54 la Cunard kushusha watu. Bruce Ismay, mkuu wa White Star, alikuwa amejifungia chumbani kwa daktari safari nzima.

Kesho yake Rostron alitoa ushahidi. Muda mfupi baadaye meli ikaondoka tena kuelekea Mediterania, na abiria wake wa awali wakaendelea na safari yao iliyocheleweshwa wiki nzima.

Walipewa tuzo gani?

Manusura, wakiongozwa na Margaret Brown, walimpa Rostron kikombe cha fedha, na mabaharia zaidi ya 300 walipata medali za dhahabu, fedha au shaba kulingana na vyeo vyao. Bunge la Marekani lilimpa Rostron medali yake ya dhahabu.

Wakati wa vita ilifanya kazi gani?

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, wahamiaji wa Fiume walikwisha: Hungaria ilikuwa sasa upande wa adui. Carpathia ilibeba abiria waliobaki na shehena kuvuka Atlantiki, na baadaye askari wa Kanada na Marekani. Mmoja wa vijana iliowavusha mwishoni mwa 1917 ni Frank Buckles, aliyekuja kuwa mkongwe wa mwisho wa Marekani wa vita vile. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 110, na alipenda kusimulia kwamba alivuka kwa meli iliyowaokoa watu wa Titanic.

Carpathia ilizamaje?

Iliondoka Liverpool tarehe 15 Julai 1918 kwenda Boston, ikiwa na abiria 57, ndani ya msafara wa meli uliolindwa na manowari na kwenda kwa kupindapinda ili kuzichanganya nyambizi. Alfajiri ya tarehe 17 walinzi waliwaacha, msafara ukagawanyika, na Carpathia, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika kundi lake, ikawa kiongozi.

Saa 3:15 asubuhi, kusini-magharibi ya Ireland, mlinzi aliona topido ikija ubavu wa kushoto. Nahodha William Prothero aliamuru injini zirudi nyuma kwa nguvu zote na usukani ukatwe, lakini muda haukutosha. Topido ya kwanza ilipiga mbele. Ya pili iliingia chumba cha injini ikaua watu watano: wachochea moto na wapeleka makaa. Ni watu wa kazi ileile ambao wenzao walichochea moto usiku wa 1912.

Umeme ulikatika na redio ikafa, kwa hiyo wito wa hatari haukutumwa. Prothero aliziashiria meli nyingine kwa bendera na fataki zikimbie zisije zikapigwa nazo. Abiria wote 57 na mabaharia 218 waliingia kwenye mashua 11. Nyaraka za siri zilitupwa baharini. Nyambizi ikaibuka, ikapiga topido ya tatu, na yapata saa 5 asubuhi Carpathia ikazama kwa omo.

Nyambizi ilianza kuzisogelea mashua. Hapo ikatokea manowari ndogo ya Uingereza, Snowdrop, ikaifukuza kwa mizinga na kuwachukua watu wote 275. Walirudi Liverpool jioni ya siku iliyofuata.

Kwa nini walikufa wachache hivyo, wakati Lusitania iliua karibu 1,200?

Lusitania ilizama kwa dakika 18 tarehe 7 Mei 1915, ikiwa imelala upande kiasi kwamba mashua nyingi hazikuweza kushushwa. Carpathia ilielea karibu saa mbili. Pia watu walikuwa wachache, na mwaka 1918 kila baharia alijua mashua yake na zamu yake. Hata hivyo tusidhani hasara ilikuwa ndogo kwa Cunard. Carpathia ilikuwa meli ya tano ya kampuni hiyo kuzamishwa ndani ya wiki chache tu. Ascania, Ausonia, Dwinsk na Valentia zilitangulia.

Nani aliizamisha Carpathia?

Nyambizi ya Ujerumani U-55, chini ya Wilhelm Werner. Jina la Werner lina doa zito kuliko Carpathia: Aprili 1917, baada ya kuizamisha meli ya Torrington, mabaharia wa meli hiyo waliwekwa juu ya sitaha ya nyambizi kisha nyambizi ikazama nao. Baada ya vita alitakiwa kushtakiwa, akatoroka, na miaka ya Hitler akapanda cheo ndani ya SS, kikosi cha Wanazi.

Carpathia iliwahi kufika Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam?

Njia zake zilikuwa Atlantiki ya kaskazini na Mediterania. Lakini ipo meli nyingine ya Cunard ya enzi hizo iliyofika kwetu, na watu huzichanganya: Laconia, iliyoanza safari za Liverpool na New York mwaka 1912. Vita vilipoanza ilifungwa mizinga, na mwaka 1915 ilikuwa nje ya delta ya Rufiji katika operesheni dhidi ya manowari ya Wajerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye mikoko. Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Laconia ilirudishwa kwenye kazi ya abiria, na tarehe 25 Februari 1917 ikazamishwa kwa topido karibu na Ireland, kama ilivyokuja kuwa kwa Carpathia mwaka mmoja baadaye.

Rostron alikuwepo Carpathia ilipozama?

Hapana. Alikuwa amekwisha kuhamia meli kubwa zaidi, na jina lake lilishikamana kwa miaka mingi na Mauretania. Alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza mwaka 1926 na kufariki mwaka 1940. Wanaompenda kwa umakini wake hushangaa kusikia kwamba mwaka 1907, akiwa ofisa wa meli ya Campania, aliripoti kuona nyoka mkubwa wa baharini karibu na Ireland, tena akamchora.

Mabaki ya Carpathia yamepatikana?

Ndiyo, kwa jaribio la pili. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba yamepatikana, kumbe ilikuwa meli ya Kijerumani, Isis. Mwaka 2000 yakapatikana ya kweli na NUMA, kikundi cha kutafuta mabaki ya meli cha mwandishi wa riwaya Clive Cussler, kilomita 190 hivi magharibi ya mwamba wa Fastnet, Ireland. Meli imekaa wima kwenye kina cha zaidi ya mita 150.

Kwa hiyo haiko karibu na Titanic?

Haiko karibu hata kidogo. Titanic iko upande wa Newfoundland, kwenye kina cha mita 3,800 hivi, na Carpathia iko upande wa Ireland. Karibu upana wote wa Atlantiki uko kati yao. Picha zinazosambaa mtandaoni zikionyesha meli mbili zimelala pamoja chini ya bahari ni za kutengeneza.